Jipu la Mwenyekiti

Jipu la baba yangu mdogo liliota kisogoni, mahali ambapo mtu hawezi kujiona hata awe na kioo kizuri namna gani. Kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa kila kitu kwenye kilima chetu, likawa jipu la watu wote. Asubuhi, watu walipokutana njiani wakipeleka maziwa, hawakuulizana tena habari za mvua. Waliulizana, "Limeiva?"

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni ya wasichana, nikiwa kidato cha tatu, nikijua kila kitu. Kwetu ni upande wa Othaya, ambako mashamba yamening'inia kwenye miteremko, na mtu akiangusha kiazi hana budi kukifuata mtoni. Baba na huyo mdogo wake walikuwa majirani. Nyumba ya baba mdogo ilikaa juu, pale penye tambarare, nayo ilikuwa ya mawe. Yetu ilikuwa ya mbao, chini, karibu na chemchemi, ambako ukungu haukutoka hadi jua liupe amri.

Sababu ya mmoja kukaa juu na mwingine chini ilijulikana na kila mtu na haikutajwa na yeyote. Wakati wa Hali ya Hatari, Wazungu walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni, baba alikamatwa akapelekwa kizuizini, akahamishwa kambi moja hadi nyingine. Mdogo wake alibaki akawa homgadi, askari mwenyeji wa serikali yao. Alipewa kwanza mkuki, kisha kofia, kisha bunduki, akapandishwa kwenye mnara wa kituo kuwalinda watu wake dhidi ya watu wake. Mashamba yalipokusanywa na kupimwa upya, waliokuwa kituoni walikuwapo kuonyesha mipaka, na waliokuwa kizuizini hawakuwapo. Hakuna fumbo hapo. Bendera ilipopandishwa, baba mdogo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupaza sauti "Uhuru!", tena karibu na kipaza sauti, na tangu siku hiyo hakukubali kusogezwa mbali nacho.

Alikuwa mwenyekiti wa chama cha kahawa, wa kamati ya shule, wa kamati ya kujenga kanisa na wa kamati ya josho la ng'ombe. Hata mkewe alimwita Mwenyekiti. "Mwenyekiti, chai inapoa." Mimi aliniita Mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na alipolitamka sauti yake ililainika kidogo. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nilimchukia. Kama ningeweza kumchukia, mambo yangekuwa rahisi zaidi.

Muhula ule, shuleni, tulikuwa tumesoma habari za damu. Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu majuzi tu, mtu wa upande wa ziwa, ambako vita vile havikufika, mwenye zile suruali zilizopanuka chini zikifagia sakafu. Alifundisha vizuri. Alituchorea ubaoni mshipa, ndani yake akachora seli nyekundu nyingi, za mviringo kama sahani, kisha akachora seli nyeupe, chache, kubwa, zisizo na umbo la kueleweka. Nyekundu, akasema, hubeba hewa. Nyeupe hulinda. Mwiba ukikuchoma na vijidudu vikaingia nao, seli nyeupe huinusa habari yao kutoka mbali. Hujibana, zikapenya kwenye ukuta wa mshipa kama mtu anayepita katikati ya ua wa miiba, hutambaa mpaka pale penye mwiba, na kuvimeza vijidudu vikiwa hai.

"Kwa ufupi," akasema, akifurahi kupata mfano wa kwetu, "seli nyeupe ni homgadi wa mwili."

Darasa lilinyamaza. Sijui kama mtu wa nje anaweza kuuelewa ukimya ule. Baadhi yetu tulikuwa na baba waliotoka kizuizini. Wengine walikuwa na baba waliokaa mnarani. Tulilala kwenye vitanda vya kupandana, hawa juu na hawa chini, tukaazimana sabuni na vitana, na hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo. Mwalimu alisubiri tuandike. Hakuna kalamu iliyosogea. Kisha msichana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye baba yake aliingia msituni na hakurudi, akainua mkono.

"Mwalimu, hao wakimaliza kazi, wanapewa shamba?"

Tulicheka hadi wengine wakalia. Na wale ambao baba zao walikuwa mnarani walicheka kutushinda, wakituangalia pembeni ya jicho kuona kama inatosha. Mwalimu naye alicheka kwa adabu, kama mgeni anayecheka mzaha uliosemwa kwa lugha asiyoijua, akalifuta neno lile akaandika "askari". Kipindi kilichofuata alikuwa ameshaelezwa na walimu wenzake, akafundisha akiwa ameutazama ubao tu.

Hiyo ndiyo elimu niliyorudi nayo nyumbani, nikalikuta jipu.

Kila aliyekuja kumwona mgonjwa alikuja na tiba yake. Mama mdogo, mkewe, alilibandika sukari iliyokandwa na sabuni ya kufulia. Kamati ya kanisa ilileta maombi marefu, ikampaka na mafuta. Mjumbe mmoja wa kamati ya kahawa alishauri lipakwe mrututu, kwa kuwa ulikuwa umeiponya mibuni yake mwaka uliopita. Muuza dawa wa Karatina alimletea vidonge vya ganda, nusu vyekundu nusu vyeusi, na baba mdogo alivipenda sana kwa sababu vilikuwa na rangi za bendera. Alimeza viwili alipokumbuka, akaacha alipojisikia nafuu, akaanza tena wageni walipokuja ili wamwone akimeza.

Siku moja akaniita. Nilimkuta sebuleni, ameketi wima kwenye kiti chake kama mtu anayepigwa picha, kwa sababu shingo haikukubali pozi jingine. Kando yake alikaa katibu. Huyu alikuwa mtu mwembamba aliyekuwa katibu wa kila kamati ambayo baba mdogo alikuwa mwenyekiti wake, na kipaji chake kikubwa kilikuwa kucheka kabla mzaha haujaisha.

Nyumbani tulizungumza Kigikuyu, lakini baba mdogo alikuwa na desturi ya kuhamia Kiswahili kila alipotaka kuwa serikali. Kiswahili hicho alikiokota kituoni, kwa maofisa Wazungu, kwa hiyo kilikuwa na amri nyingi na salamu chache.

"Mama, nasikia huko shule mnasoma mambo ya mwili. Eleza hapa. Hii kitu inataka nini kwangu?"

Nikavuta pumzi, nikaeleza. Nikamwambia ngozi yake ilipata mkwaruzo, labda wa ukosi wa koti, na vijidudu vinavyoishi juu ya ngozi vikaingia ndani. Nikamwambia maumivu na ule uvimbe mwekundu ni damu iliyokimbilia pale kwa wingi, ikileta seli nyeupe zije kupigana.

"Nyeupe?" akauliza.

"Nyeupe, baba mdogo."

"Zinatoka wapi?"

"Zako mwenyewe. Zinatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho."

Akaitazama mikono yake. Katibu naye akaitazama, akingoja kujua kama hili lilikuwa la kuchekesha.

"Ati mimi niko na Wazungu kwa mfupa?"

Katibu akacheka.

"Si Wazungu, baba mdogo. Ni rangi tu."

"Hapana. Sisi tulifukuza hao watu. Mimi mwenyewe nilikuwa hapo wakienda."

Hilo lilikuwa kweli. Alikuwapo, akiwabebea masanduku.

Ningeweza kukomea hapo, lakini nilikuwa kidato cha tatu. Nikaendelea kumweleza kwamba seli hizo zikishavimeza vijidudu nazo hufa, tena kwa wingi, na kwamba usaha aliousikia ukijaa kisogoni ulikuwa maiti zao, zimechanganyika na maiti za vijidudu. Mama mdogo, aliyekuwa akimkorogea chai, akakiacha kijiko ndani ya kikombe.

"Maiti? Kisogoni mwa Mwenyekiti?"

"Ndiyo, mama mdogo. Na mwili umejenga ukuta kuzunguka hapo ili vita visitoke nje. Kwa hiyo lisiminywe. Likikamuliwa kwa nguvu ukuta utapasuka kwa ndani, na vijidudu vitaingia kwenye damu. Aende Nyeri, hospitali, daktari alipasue."

Baba mdogo alikunywa chai yake. Ilikuwa na sukari nyingi hata kijiko kilisimama kidogo kabla ya kulala. Siku hizo alikuwa na kiu isiyokwisha. Alikunywa chai, akanywa maji, akatoka nje, akarudi akanywa tena, na sisi sote tuliona kwamba hiyo ndiyo kiu ya mtu mwenye hotuba nyingi.

"Hospitali ni baada ya josho," akasema kwa Kigikuyu, na kikao kikaisha.

Josho lilikuwa ndilo kazi yake kubwa ya mwaka ule. Ng'ombe wetu walikuwa wakifa kwa homa ya kupe, na kamati ilikuwa imechimba na kusakafia mtaro mrefu wa kuwaogeshea dawa. Mgeni mkubwa angetoka Nairobi kuja kulifungua. Mwenyekiti aliyeinamisha kichwa mbele ya mgeni kama huyo angeonekana ana jambo la kuficha, na mwenyekiti asiyeweza kukiinamisha angeonekana ana kiburi. Katibu aliliona tatizo hili, akalitatua siku ya kuamkia sherehe. Aliipangusa mikono yake kwenye suruali, akaweka vidole gumba viwili kandokando ya jipu, akakamua.

Sisi tulikuwa chini tukichambua maharagwe. Tuliusikia ule ukelele hadi kwetu. Baba aliinua kichwa, akasikiliza.

"Limeiva," akasema, akaendelea kuchambua.

Kumbe halikuwa limeiva. Usaha ulitoka kidogo tu, na katibu akatangaza kwamba kazi imekwisha. Mama mdogo alituambia baadaye kwamba hata alipiga makofi.

Siku ya sherehe baba mdogo alikuja amevaa koti zito na skafu ya sufu ya mkewe, jua likiwaka. Uso wake ulikuwa umevimba hadi chini ya sikio. Tezi za shingo zilikuwa zimetokeza kama viazi vidogo, na nilipomwamkia mkono wake ulikuwa wa moto. Nikamwambia, "Baba mdogo, una homa." Akanijibu, "Ni furaha."

Gari la mgeni liliposimama, mambo yaliharibika mara moja. Mgeni alishukia upande wa kushoto, na shingo ya baba mdogo siku hiyo ilikuwa haijui kushoto. Aliyeshuka upande aliouona alikuwa dereva. Basi Mwenyekiti wa kamati zote za kilima chetu akamshika dereva mikono yote miwili, akamkaribisha kwa niaba ya wakulima, akina mama na vijana, akamshukuru kwa kuiacha kazi nzito ya taifa ili aje kwetu. Dereva alikuwa mtu mzuri. Alisema asante, na kwamba barabara ilikuwa na utelezi.

Baadaye jukwaani, baba mdogo alitoa hotuba. Alikuwa akitetemeka, na watu wa mbele walidhani ni hisia.

"Sisi ambao tulipigania hii uhuru," akasema, "tulitoka damu."

Hakuna aliyeguna. Watu wetu wana adabu. Walitazama tu chini, kila mtu akivikagua viatu vyake au kukagua kwamba hana viatu. Baba alikuwa amesimama nyuma kabisa ameshika kamba ya ng'ombe wetu mmoja, akimkuna nyuma ya sikio, akisikiliza hotuba ile kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo ya wilaya nyingine.

Kisha akaletwa ng'ombe wa kwanza, yule mkubwa wa baba mdogo, mweusi na mweupe, aliyekuwa hajawahi kuambiwa la kufanya. Alifika kwenye ukingo wa mtaro, akagoma. Katibu alimsukuma kwa nyuma. Ng'ombe alitafakari, halafu akaruka kwa mwili mzima, na dawa yote ya juu ikanyanyuka ikamwangukia mgeni wetu kuanzia nywele hadi soksi. Katika kelele zile nilimwona baba mdogo ameacha kuzungumza. Alikuwa akiangalia mbele, juani kabisa.

"Mbona mmezima taa?" akauliza kwenye kipaza sauti, kwa upole.

Akakaa chini, matopeni, katikati ya sherehe yake. Katibu, aliyekuwa hajui ni sehemu gani ya programu, akaanza kupiga makofi, na umati ukamfuata.

Baba alinikabidhi kamba ya ng'ombe, akapita katikati ya watu waliokuwa wakipiga makofi, akapiga magoti, akamgusa mdogo wake shavuni.

"Acheni makofi," akasema. "Mtu huyu anakufa."

Nikamwachia jirani ile kamba, nikamfuata. Gari la mgeni lilikuwa limeshaondoka, kwa kuwa mgeni alikuwa na haraka ya kuoga. Tulipata pikapu ya kubebea maziwa. Mama mdogo alikaa mbele na dereva, na sisi tukapanda nyuma, katikati ya mitungi. Barabara ya kwenda Nyeri wakati ule ilikuwa mashimo yaliyounganishwa kwa udongo mwekundu. Baba alikaa sakafuni, akakipakata kichwa cha mdogo wake mapajani na kukishika kwa mikono yote miwili ili shingo isirushwe. Homa ilikuwa imeshapanda kabisa. Baba mdogo akaanza kupiga kelele kwa Kiswahili chake cha kituoni, kama anayekagua vitambulisho vya wapita njia.

"Simama! Wewe nani? Toa kipande!"

"Ni mimi," baba akamjibu kwa Kigikuyu.

"Mimi nani? Mikono juu!"

"Nikiinua mikono kichwa chako kitagonga mtungi," baba akasema. "Ni mkubwa wako. Lala."

"Mkubwa wangu yuko kambini."

"Amerudi."

Baba mdogo akafumba macho. Nilidhani amezimia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, safari hii kwa Kigikuyu, "Asiambiwe habari za mpaka."

Baba hakunitazama. Aliangalia nyuma, kule vumbi letu lilikokuwa likienda, na hakuiondoa mikono yake.

Hospitalini walitupokea upesi. Daktari aliyekuja alikuwa mwanamke kijana, wa kwetu, mzaliwa wa Karatina, amesuka nywele kwa uzi. Walikuwa wameshamtia mgonjwa sindano, wakamtundikia maji, naye akawa amefumbua macho. Alimwangalia daktari huyo, akaangalia mlango, akangoja.

"Daktari iko wapi?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Hapana. Daktari mwenyewe. Ile Mzungu mzee."

"Mzungu amekwenda mlimani kuvua samaki," akasema daktari, akivaa glavu. "Ukitaka tunaweza kumngojea. Lakini ukifa kabla hajarudi, usinilaumu. Geuka."

Mtu yule yule aliyekataa kuwa na chochote cheupe ndani ya mifupa yake, sasa alikuwa akilia machozi kwa kukosa cheupe kando ya kitanda. Aligeuka. Kilichotoka kwenye jipu lile kilijaza bakuli, na muuguzi mmoja, mtu mzima, alikwenda kusimama dirishani.

Baadaye daktari alitukuta kwenye korido, mimi na baba, akatueleza. Walikuwa wameuchemsha mkojo wa mgonjwa pamoja na dawa ya buluu, na badala ya kubaki buluu ulikuwa umegeuka rangi ya matofali. Ana ugonjwa wa sukari, akasema, na bila shaka anao siku nyingi.

"Lakini sukari na jipu vinahusianaje?" nikauliza. "Hana seli nyeupe?"

"Anazo. Tena tumezihesabu, ni nyingi kupita kiasi. Mwili ukivamiwa, mifupa huzimwaga zote. Shida si idadi. Damu ikijaa sukari, seli hizo zinakuwa nzito. Zinachelewa kufika. Zikifika zinazubaa, zinameza polepole, na vijidudu vinazaana mbele ya macho yao."

Baba alifikiri.

"Kwa hiyo walinzi wapo wengi," akasema, "wamevimbiwa na vitu vitamu, na mwizi anapita."

"Ndivyo, mzee."

"Basi hao ni homgadi kweli."

Akaugeukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamshika mkono. Alikuwa akicheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo, akajishika mbavu, akajikohoza, na daktari, ambaye alikuwa mtoto wa huku na hakuhitaji kuelezwa, akajiziba mdomo kwa faili la wagonjwa akakimbilia wodini.

Alipotulia, baba aliniuliza, "Na hawa waliokufa shingoni mwake, wale waliopigana. Wamekwenda wapi?"

"Wamefutwa kwa pamba, baba. Wametupwa kwenye ndoo."

"Hakuna anayewajua?"

"Hakuna."

Alitikisa kichwa, akavaa kofia yake, akaenda kumtafutia mama mdogo mahali pa kulala.

Baba mdogo alipona, ingawa kisogo kilibaki na shimo ambamo ungeweza kulaza yai. Aliporudi nyumbani ikafanywa sherehe ya shukrani, mbuzi wakachinjwa, na kila kamati ikaja kudai ushindi wake. Mchungaji alisema ni mafuta. Muuza dawa wa Karatina alisema ni vidonge, akaja navyo vingine endapo kuna mwenye haja. Katibu alisimama akasema kwa unyenyekevu kwamba daktari alikuta njia imeshafunguliwa. Hatimaye baba mdogo mwenyewe akainuka.

"Daktari amehesabu askari ya damu yangu kwa hadubini," akatangaza. "Ameshangaa. Ati watu wengine wako na askari kidogo, lakini mimi niko na mingi kupita kiasi. Amesema hivyo mwenyewe: kupita kiasi!"

Watu walishangilia. Nilikuwa nimekaa na wasichana wenzangu nikila mbavu, na sijui ni shetani gani aliyenisimamisha.

"Na ni za rangi gani, baba mdogo?"

Aliniangalia, akigeuza mwili wote kwa sababu shingo ilikuwa bado nzito.

"Rangi ya kawaida," akasema, na katibu akacheka kwa sauti ya kutosha kutufikisha kwenye wimbo.

Msomaji anayengoja kusikia kwamba baada ya hapo mpaka ulisogezwa, nampa pole. Mpaka uko palepale. Baba hakumwuliza mdogo wake alisema nini ndani ya pikapu, na mdogo mtu hakuwahi kuuliza alisema nini. Siku ile ya shukrani paja la mbuzi liliteremshwa kwetu limefunikwa kwa jani la mgomba, na mama alilipika.

Ila tembe alizopewa hospitalini hazikuiweza ile sukari, na mwaka uliofuata daktari akamwandikia sindano ya kila asubuhi. Dawa yenyewe ilitaka ubaridi, na wakati ule hata nyumba ya mawe haikuwa na friji. Mahali pa baridi kuliko pote palikuwa kwetu, kwenye chungu kilichozamishwa nusu pembeni ya chemchemi. Na mkono usiotetemeka kuliko yote ulikuwa wa baba, kwa kuwa mama mdogo alifumba macho alipoiona sindano, na katibu alijitolea lakini mgonjwa akakataa kabla hajamaliza sentensi.

Basi kila asubuhi Mwenyekiti aliteremka kwenye utelezi, amevaa koti, akishikilia mibuni ili asianguke. Mama alikuwa ameshaichemsha sindano kwenye sufuria ndogo. Zilikuwa sindano za bomba la kioo, na ncha zake zilitumika tena na tena hadi zikawa butu. Baba alikuwa akizinoa kwenye jiwe, lakini si zote. Nilimwona mara kadhaa akisimama mbele ya sufuria akichagua, kwa utulivu wa mtu mwenye siku nzima.

"Vua koti," alikuwa akisema.

"Polepole, mkubwa wangu. Ile ya jana iliuma."

"Ya jana ilikuwa mpya," baba akamjibu, akiinua bomba kwenye mwanga kutoa hewa. "Tulia."